Lubaga: Mlimani Kanisa, Bondeni Mafunjo

Kampala ni mji wa vilima, na kila kilima kina mwenyewe. Namirembe ni kilima cha Waanglikana, Kibuli cha Waislamu, Mengo cha Kabaka, na Kasubi ni mahali walipolazwa wafalme wanne wa Buganda. Lubaga ni kilima cha Wakatoliki. Msafiri akiwa bado mbali huiona minara miwili ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Maria, ambalo lilianza kujengwa mwaka 1914 na kutabarukiwa mwaka 1925. Kabla ya wamisionari kukabidhiwa kilima hicho, palikuwa na ikulu ya Kabaka Muteesa I. Hospitali iliyo jirani na kanisa ni ya mwaka 1899, nayo ni miongoni mwa hospitali kongwe kabisa za Uganda.

Wageni wengi humaliza safari yao hapo. Huingia kanisani, hupiga picha, hununua soda na kushuka. Lugha nayo huwaharakisha, kwani Kiswahili cha Kampala bado kina haya. Kwa miaka mingi wenyeji walikijua kama lugha ya askari na ya wachuuzi, na ingawa mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliagiza kifundishwe kwa lazima shuleni, mgeni kutoka pwani ataitikiwa kwa adabu, "Karibu, ssebo," kisha mazungumzo yarudi kwenye Kiganda. Basi msomaji asishuke upesi. Na ageuke alipe kanisa kisogo, atazame bondeni upande wa kaskazini na magharibi.

Ataona kwanza mabati, mengine mapya yanayong'aa, mengine yenye kutu. Kisha, mwisho wa mabati, ataona ukanda wa kijani usiofanana na kijani cha migomba. Hayo ni mafunjo. Ukanda huo ni kinamasi cha Lubigi, na pale unapokutana na barabara kuu iendayo Masaka panaitwa Busega. Busega bado ni Lubaga, kwa maana jina Lubaga si la kilima tu. Ni jina pia la mojawapo ya tarafa tano za jiji la Kampala, ambayo ndani yake mna Nateete, Ndeeba, Kasubi, Mengo na Busega.

Yapo mambo ya kushangaza katika bonde hilo, na la kwanza ni mwendo wa maji yake. Ziwa Victoria liko kusini, mwendo mfupi tu kwa gari. Mgeni hudhani kwamba kila tone liangukalo Kampala huishia ziwani. La hasha. Mvua inayonyesha katikati ya mji, ng'ambo ya Mengo, huingia mfereji wa Nakivubo na kwenda kusini mashariki hadi ziwani. Mvua inayonyesha upande huu wa Lubaga huingia Lubigi, na Lubigi huipa ziwa mgongo: maji yake huenda mto Mayanja, kisha mto Kafu, na hatimaye Nile. Wingu moja huwanyeshea majirani wawili, na maji ya kila mmoja huagana na mwenziwe kwa mamia ya kilomita.

Jambo la pili ni kazi ya mafunjo yenyewe. Mafunjo si majani ya kufunika tope tu. Mizizi yake husukana kama mkeka mzito unaoelea, na maji machafu yapitapo polepole chini na kati ya mkeka huo, udongo hutuama, nao mmea hula ile mbolea iliyotoka vyooni na majikoni: naitrojeni na fosfati. Lakini kuna sharti. Maji lazima yatawanyike, na lazima yaende polepole. Ukichimba mfereji ulionyooka katikati ya kinamasi, maji hupita mbio bila kuguswa, kama mgeni apitaye sebuleni bila kusalimu. Kinamasi kitaonekana kipo, tena kijani kibichi, na kazi yake imekwisha.

Wataalamu wa uhifadhi wanalijua jambo hili vizuri. Tatizo ni namna wanavyopimwa, na namna wanavyojipima. Ndiyo maana katika miaka ya karibuni umeanza kusikika katika mikutano yao msemo wa kufikiri kwa mfumo. Msemo huu una asili ndefu. Jay Forrester, mhandisi wa Marekani, ndiye aliyeanza katika miaka ya 1950 kuchora viwanda, na baadaye miji, kama mfumo wa ghala na mifereji; na mwaka 1972 Donella Meadows na wenzake wakaitumia njia hiyo katika kitabu chao mashuhuri juu ya mipaka ya ukuaji duniani. Maneno yao ni mazito, lakini mama wa nyumbani mwenye pipa la maji uani anaijua nusu ya elimu hiyo. Pipa lina maji yaingiayo na maji yatokayo. Anayetaka kujua kama familia itapata maji kesho hahesabu ndoo zilizoletwa leo peke yake. Huuliza pia ndoo ngapi zimechotwa, kama pipa linavuja, na kama mtoto aliyetumwa kisimani atarudi kabla ya jua kuzama. Nusu ya pili ya elimu hiyo ndiyo ngumu: kwamba aghalabu tendo letu huzunguka likaturudia, tena baada ya muda mrefu, kupitia mlango ambao hatukuutazama.

Buganda yenyewe ina mfano mzuri wa jambo hili, nao uko Lubaga. Karibu na Mengo kuna ziwa dogo liitwalo Ziwa la Kabaka. Si ziwa la asili. Kabaka Mwanga II aliamuru lichimbwe kuanzia mwaka 1885, kwa nia ya kuliunganisha kwa mfereji na Ziwa Victoria huko Munyonyo, ili mitumbwi yake ipite. Hesabu ya udongo na majembe huenda ilikuwa sawa. Ambacho hakikuhesabiwa ni watu. Wakubwa kwa wadogo walilazimishwa kuchimba, machifu nao wakitiwa matopeni, na chuki iliyozaliwa humo ikawa miongoni mwa sababu zilizomwondoa katika kiti chake mwaka 1888. Mfereji haukumalizika. Ziwa lipo hadi leo, na ndege hulala katika miti iliyo kando yake.

Sasa turudi Lubigi, tuhesabu kwa utaratibu kazi za umma zilizofanyika katika bonde hilo hilo moja. Kwanza ni barabara ya mchepuo ya kaskazini, yenye urefu wa kilomita 21 kutoka Bweyogerere hadi Busega, iliyomalizika mwaka 2009 na baadaye ikaongezwa njia nyingine sambamba. Sehemu kubwa ya barabara hiyo hufuata mabonde, kwa kuwa mabondeni hapakuwa na majumba ya kulipia fidia kubwa. Halafu ukapanuliwa mfereji mkuu wa Lubigi, ili mafuriko ya Bwaise yapungue. Bwaise ni mtaa ulio juu kidogo ya bonde hilo, na kwa miaka mingi wakazi wake wamelala huku wameinua magodoro juu ya meza kila msimu wa mvua. Mwaka 2014 ukafunguliwa mtambo wa kusafisha majitaka wa Lubigi, uliojengwa kupokea kila siku mita za ujazo 5,000 za majitaka ya mabomba na mita za ujazo 400 za kinyesi kinachonyonywa kwa magari kutoka vyoo vya shimo. Mwaka 2018 ikafunguliwa barabara ya kasi ya Entebbe, ambayo mkono wake mmoja unaanzia Busega.

Kila moja ya kazi hizo ilikuwa na sababu njema, nami sioni haya kusema hivyo. Anayebeza mtambo wa majitaka hajapata kuishi katika mtaa ambao choo hufurika mvua ikinyesha. Kila kazi pia ilipimwa kwa kipimo chake: barabara kwa dakika zilizookolewa, mfereji kwa wingi wa maji unaopitisha, mtambo kwa mita za ujazo. Na kila moja, kwa kipimo hicho, inaweza kuandikiwa taarifa ya mafanikio. Lakini hakuna taarifa iliyopewa jukumu la kujumlisha. Barabara ilikata kinamasi na kukiachia maji yapite katika makalvati, mfereji uliyaharakisha, mtambo ulichukua ardhi ya kinamasi ili kufanya, kwa saruji na umeme, sehemu ya kazi iliyokuwa ikifanywa na mafunjo bure. Kila tuta la barabara lilikuwa pia njia mpya ya kumfikisha mtu pale ambapo hapo zamani hapakufikika kwa miguu mikavu. Vifusi vikafuata, vibanja vikauzwa, nyumba zikasimama. Mafanikio manne yakijumlishwa yanaweza kuwa hasara moja kubwa.

Uganda haikukosa sheria. Serikali ilitoa sera ya taifa ya ardhi oevu mwaka 1995, kabla ya nchi nyingi za Afrika, na Katiba ya mwaka huo huo ikaweka maziwa, mito na vinamasi chini ya dhamana ya serikali kwa niaba ya wananchi. Mwaka 2005 wajumbe wa nchi zilizotia sahihi Mkataba wa Ramsar, ule wa kulinda ardhi oevu duniani, walikutana Kampala kwenyewe. Hata hivyo, ardhi oevu ambazo mwaka 1994 zilihesabiwa kuwa asilimia 15.6 ya nchi, kufikia mwaka 2019 zilikuwa zimeshuka chini ya asilimia 10.

Hesabu ya fedha nayo ilijaribiwa. Mwaka 1999 Lucy Emerton na wenzake walikadiria faida ya kinamasi cha Nakivubo, kile kinachopokea maji ya upande wa pili wa mji, kuwa kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 za Marekani kwa mwaka, sehemu kubwa ikiwa ni usafishaji wa majitaka. Ilikuwa kazi ya maana, na mpaka leo hunukuliwa. Lakini bei iliyoandikwa kitabuni hailipwi na mtu. Mwenye kiwanja bondeni haoni hata shilingi moja ya dola hizo. Anachoona ni lori la kifusi na mnunuzi anayengoja. Nakivubo ukazidi kujazwa. Na pale unapomwaga maji yake katika ghuba ya ziwa, kilomita chache tu kutoka hapo, kuna mitambo ya Ggaba inayochota maji ya kunywa ya Kampala.

Hapo ndipo mzunguko unapoingia jikoni, na mambo haya yanapoacha kuwa ya wahandisi peke yao. Kinamasi kinapodhoofika, maji ya ghubani huchafuka. Maji yakichafuka, mtambo hutumia dawa nyingi zaidi, na gharama hutafuta njia ya kumfikia mtumiaji. Asiyeweza kulipia bomba huchota chemchemi iliyo bondeni, karibu na vyoo. Mama mwenye busara huchemsha maji hayo. Achemshapo hutumia makaa, kwani Kampala bado hupika kwa makaa. Na makaa hutoka katika miti iliyokatwa vijijini. Miti ikiisha, udongo hulegea, mvua huuchukua, nao huja kutuama katika mabonde na kuviziba vinamasi. Sufuria ya maji inayotokota Nateete imefungwa kwa uzi mrefu na mafunjo ya Busega na mwitu wa mbali. Mradi unaogawa majiko sanifu bila kutazama chemchemi, au unaopanda miti mlimani bila kuuliza kwa nini ile ya kwanza ilikatwa, umeshika uzi huo katikati na kuziacha ncha zote mbili.

Wenzetu wa Mwanza, Bukoba na Kisumu wanaujua uzi huo kwa jina jingine: gugu maji. Katika miaka ya 1990 gugu hilo lilifunika ghuba za Ziwa Victoria hata meli zikashindwa kutia nanga. Lilikatwa kwa mashine, likavutwa kwa mikono, na kuanzia mwaka 1995 wakaletwa fukusi wa kulila, nao walifanya kazi kubwa. Mwisho wa muongo huo gugu lilikuwa limepungua sana. Ushindi ukatangazwa. Tangu hapo limekuwa likirudi kwa misimu. Chakula chake, yaani ile mbolea ya majitaka na mashamba, hakikukatwa. Walipima majani yaliyoondolewa. Bomba liyalishayo likabaki wazi.

Tukio la karibuni, na lenye uchungu kuliko yote, ni la mwaka 2024. Mwezi Juni Mamlaka ya Taifa ya Mazingira, ikilindwa na askari, ilibomoa nyumba katika Lubigi, hasa upande wa Ganda na Nansana, ng'ambo tu ya Lubaga. Baadhi ya familia zilikuwa zimeishi hapo miaka mingi. Wapo waliokuwa wamenunua kibanja kwa akiba ya maisha, kwa mkono wa muuzaji aliyeandika hati mbele ya mashahidi. Mamlaka ilisema sheria ni sheria, na kwamba kinamasi kikifa Kampala itazama. Wabomolewa walisema barabara na mitambo iko humo humo kinamasini, na hakuna tingatinga lililotumwa huko.

Mwandishi wa makala haya anaona kwamba pande zote mbili zilikuwa na ukweli. Kinamasi hakiwezi kusubiri hadi kila kesi imalizike. Lakini kubomoa ni kuingiza mkono katika mfumo, na mafanikio yake hayapimwi jioni ya siku ile kwa idadi ya kuta zilizoanguka. Yapasa kuuliza: familia hizo zimekwenda wapi? Kama zimehamia kinamasi kingine, Mayanja au mbali zaidi, hapo hakuna hekta iliyookolewa. Imehamishwa tu pamoja na umaskini mpya juu yake. Je, kifusi kimeondolewa, au maji bado yanazunguka juu ya udongo mwekundu ambao funjo halioti? Na aliyeuza ardhi ya kinamasi, ambaye kwa kawaida haishi humo, ameguswa? Kama muuzaji bado yupo, mnunuzi mwingine atapatikana.

Sisi Watanzania tusijione tuko mbali. Bonde la Msimbazi ni ndugu wa Lubigi. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya arobaini Dar es Salaam, wakazi wa mabondeni walipewa viwanja Mabwepande. Mabwepande ilikuwa mbali na soko, mbali na kibarua, mbali na shule, na wako waliorudi bondeni. Baadaye karakana ya mabasi yaendayo haraka ikajengwa papo hapo Jangwani, ikawa inafurika. Yeyote aliyepita hapo msimu wa masika ameyaona mabasi yakisimama majini.

Yako pia mafundisho ya wazee, ambayo husifiwa sana katika semina bila kuchunguzwa. Kila ukoo wa Baganda una muziro wake, yaani mnyama, samaki au mmea ambao watu wa ukoo huo hawamdhuru wala hawamli. Ukoo wa Mmamba, mmojawapo wa koo kubwa, muziro wake ni kamongo, yule samaki wa matopeni anayeweza kupumua hewa na kujizika ardhini maji yakikauka. Ni desturi nzuri. Lakini mtu wa Mmamba aweza kushika mwiko wake maisha yote, asionje kamongo hata siku moja, na papo hapo akajenga nyumba ya kupangisha juu ya tope alimozaliwa kamongo. Mwiko ulitungwa wakati ambapo adui wa samaki alikuwa ndoana. Haukuwahi kuijua saruji.

Kasubi inatoa somo lenye matumaini zaidi. Jengo kuu la makaburi, lililotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, liliungua usiku wa tarehe 16 Machi 2010. Kulijenga upya kulichukua miaka zaidi ya kumi, na wengi walilalamika juu ya ukawaidi huo. Lakini paa lile halijengwi kwa fedha peke yake. Lahitaji nyasi za namna yake, matete, nguo ya gome la mutuba, na mafundi wa ukoo wenye haki ya kuezeka, ambao nao walihitaji vijana wa kuwarithisha kazi. Ikadhihirika kwamba kuhifadhi nyumba moja ni kuhifadhi mbuga, shamba, na mkono wa mzee. Mwaka 2023 Kasubi iliondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Atakayekwenda Busega asubuhi, kabla magari hayajasongamana, atawakuta wakata mafunjo. Huingia majini hadi kiunoni, hukata kwa mundu, hufunga matita na kuyatandaza kando ya barabara yakauke. Huwa mikeka, na kamba, na dari za vibanda. Wao hawana kipimo cha fosfati wala mita ya maji, ila wanajua mwaka gani mafunjo yalikuwa marefu kuliko mtu, na ni wapi sasa hayafiki kifuani. Wanajua maji yalikuja siku ya ngapi baada ya mvua kabla ya mfereji kupanuliwa, na sasa huja baada ya saa ngapi. Mahali mafunjo yalipokatwa huota tena kwa miezi michache, ikiwa mizizi haikuguswa. Mahali palipomwagwa kifusi huanza kuota nyasi za kawaida, kisha magimbi ya mtu fulani, kisha vigingi vinne vilivyofungwa utepe.